Kumtafuta Baba kwa Mashine ya Kusikiliza Vyuma

Ndugu zangu mliokuja kunisalimu tangu niliporudi, wengine mkiwa tayari na nusu ya habari mliyoiokota bombani, nimeona niiandike safari yote kwa mpango, asiwepo tena mtu wa kusema kwamba Mzee wa kanisa alikwenda Mbarara kuchimba dhahabu. Vyuma tulitafuta, ni kweli. Dhahabu hatukuiona, wala hatukuiuliza.

Wengi wenu mnamjua mama yangu, ambaye wajukuu humwita Koko. Msizozijua ni habari za baba. Nilikuwa bado tumboni alipoondoka kwetu Kivu, wakati wa Wabelgiji, pamoja na wanaume wengine wa bonde letu. Walikwenda kwa miguu mpaka Uganda kufanya kazi katika shamba la Mzungu, mahali panapoitwa Kakiika. Huko homa ikamshika akafa. Baada ya muda mrefu mwenzake mmoja alirudi, akamwambia mama: "Tulimuzika vizuri. Tulitoboa sahani yake, tukaiweka juu."

Nieleze jambo hilo kwa vijana waliozaliwa hapa kambini. Bondeni kwetu, mtu akizikwa, chombo alichokuwa akilia chakula kilitobolewa kwa msumari na kulazwa juu ya kaburi lake. Wengine walisema ni ili mwizi asikitamani. Mama husema chombo kile kimemaliza kazi pamoja na mwenyewe.

Basi, mvua zilizopita Koko alianza kudhoofika. Akawa anakula vijiko vichache tu na kugeukia ukuta. Jumapili moja kwaya ya wageni ilikuja kuimba kanisani kwetu, na mmoja wao akasema ametoka Kakiika. Koko akamshika mkono.

"Kakiika ya wapi, mwanangu?"

"Hapa tu, Koko, Mbarara."

Siku ile hakula kabisa. Jioni akaniita. "Miaka hii yote niko hapa Nakivale," akasema, "kumbe mume wangu ni jirani yangu. Enda unitafutie fasi analala. Nisikie, kisha nipumuzike."

Nilimwambia nitakwenda. Nikaingia ndani, nikapiga magoti, kwa sababu sikujua hata pa kuanzia.

Kutoka Base Camp hadi Kabingo

Habari za ruhusa ya kutoka naziacha. Kila mmoja wenu anazijua.

Pale Base Camp, kituo kikuu cha makazi yetu, nilipata nafasi juu ya lori la mahindi. Tuliondoka baada ya dereva kunywa chai, kisha tukarudi kwa sababu alisahau kofia yake, kisha tukaondoka tena. Juu ya magunia nilikaa na mama mmoja Msomali ambaye naye anaishi katika makazi yetu, mtu mwenye Kiswahili safi cha pwani. Mbele kidogo lori lilizama kwenye tope, na wanaume tukashuka kusukuma. Tope lilikuwa na nguvu kuliko sisi. Dereva akatangaza kwamba hawezi kufikiri akiwa na njaa, akaenda kutafuta mihogo ya kuchoma, akatuacha tumekaa kando ya barabara kama watu wanaongoja matokeo.

Yule mama akafungua chupa yake ya chai ya maziwa, akanikatia kipande cha anjera, ule mkate wao mwembamba. Nikashukuru Mungu kwa sauti, naye akaitikia kwa namna yake.

"Mzee wangu, unakwenda wapi na uzee huu?"

"Namtafuta baba yangu. Yuko Mbarara."

"Allah! Baba yako bado yuko? Amelazwa?"

"Amelala, ndiyo," nikasema, na kabla sijamaliza maneno yangu dereva akarudi akipiga kelele kwamba kuna trekta inakuja kutuvuta. Tukapanda haraka. Tulipofika Kabingo yule mama akashuka, akafungua kapu, akanitupia mfuko wa sukari.

"Mpelekee baba! Wazee wanapenda chai tamu!"

"Mama, baba yangu alikufa zamani za—"

Lori likaondoka. Alikuwa akinipungia mkono, anacheka kwa furaha ya mtu aliyefanya jambo jema. Nikaukumbatia ule mfuko wa sukari, nikamwombea baraka. Nilijua nimebeba zawadi ambayo mwenyewe hawezi kuipokea, lakini moyo wangu ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotoka nyumbani.

Kutoka Kabingo hadi Nyamityobora

Kabla ya Kaberebere ng'ombe walitusimamisha. Ninyi mnawajua ng'ombe wa Ankole, pembe zao huenda mbele kama wazee wa baraza. Dereva alipiga honi mpaka akachoka. Mchungaji alimtazama, akaegemea fimbo yake, akamwambia neno moja la Kinyankore lililowachekesha wote. Nikauliza amesema nini. Wakanijibu: "Amemwambia, teremka uwabebe."

Mbarara tuliingia jua likiwa limeshapungua. Nilifikia Nyamityobora kwa Mama Esperance, ambaye baadhi yenu mliimba naye kwaya kabla hajahamia mjini kuuza vitenge. Alinipikia fufu, sombe ya majani ya mihogo na dagaa wetu wa ndagala, akakaa kunitazama nikila kama anayehakikisha deni la upendo limelipwa. Nilipomwambia kilichonileta, hakucheka.

"Papa, Kakiika ni kubwa. Utazunguka na magoti hayo mpaka lini? Lakini kuko mutu mumoja, wa jeshi, ya retrete, aliisha kuacha kazi. Anakaa karibu na kambi ya jeshi ya Makenke. Iko na mashine ya kusikiliza byuma chini ya udongo. Anatafuta makuta, zile feza za wakoloni, vifungo vya askari wa zamani, vitu sawa vile. Bibi yake ananunua vitenge kwangu."

Ndugu, sitaficha. Neno mashine ya kusikiliza vyuma liliniondolea hamu ya chakula. Kwetu tuliona watu wakitembea na mashine kama hizo barabarani wakitafuta mabomu, na tulijua mahali walipochelewa kufika. Usiku ule nilisoma zaburi zangu polepole.

Makenke

Afande Mugume ni mwanamume mrefu, mwenye nywele nyeupe na sauti ya kuita kikosi kizima. Kazi yake jeshini ilikuwa hiyohiyo niliyoiogopa: kusafisha njia. Alipostaafu, akapata mashine ndogo ya watu wanaotafuta vitu vya kale. Ni fimbo yenye duara mwishoni, pana kama mfuniko wa sufuria, na vitu viwili vya kuvaa masikioni.

"Zamani mimi natafuta chuma ya kuua mtu," aliniambia. "Saa hii natafuta chuma ya kufurahisha mtu. Kaa, Mzee. Angalia."

Akatandaza mezani vitu vyake juu ya kitambaa cha kijani. Palikuwa na senti za tundu katikati, shilingi zenye simba na kichwa cha mfalme, vifungo vya shaba vya makoti ya askari, bizimu ya mkanda, kijiko kilichopinda. Alivigusa kama mtu anavyogusa vichwa vya watoto. Kila kimoja alijua kilitoka wapi: hiki chini ya njia ya zamani, kile penye jiko la askari wa mfalme.

Mkewe, ambaye kila mtu humwita Nalongo kwa sababu alizaa pacha, alituletea matoke na maharage.

"Usimsifu sana, Mzee," akasema. "Akisikia sauti ya msumari analia kama amepata mtoto. Shamba yangu ameichimba yote. Panya wenyewe wamehama."

Nilimweleza Afande habari za baba na sahani. Akanisikiliza akiwa amevua kofia. Kambi ya vibarua wa yule Mzungu aliijua ilipokuwa. Alikwisha kutafuta senti huko.

"Sahani ni chuma," akasema. "Kama iko, mashine itasema. Kesho tunaenda."

Kakiika, mara ya kwanza

Tulianzia chini ya mteremko, palipokuwa na vibanda vya vibarua. Sasa ni migomba. Afande alitembea akipeperusha mashine polepole, kulia na kushoto, bila kuruka hata kipande kidogo. Alinipa nami nisikilize. Chuma kizee kinakoroma. Senti inalia kama kijiko kwenye glasi. Tulipata senti ya tundu, misumari, mdomo wa jembe. Kila mashine ilipolia moyo wangu ulisimama, na kila tulipofukua ulikaa chini.

Ghafla mama mmoja akatokea katikati ya migomba na panga mkononi.

"Nyinyi watu ya kupima! Mimi nilisema sitoki! Mwende mwambie hao mashemeji yangu!"

Huyu alikuwa Maama Jolly, mwenye shamba, mjane. Ndugu za marehemu mumewe walikuwa wakitaka kuigawa ardhi, na alipoona mashine na mtu mwenye mwendo wa askari, akajua tumetumwa.

"Nyabo, sisi hapana pima," akasema Afande. "Mzee wako marehemu alinipa ruhusa zamani. Wewe ulikuwa umeenda kwa binti yako."

"Marehemu hawezi kuja kusema ndiyo! Umechagua shahidi mzuri!"

Sikuwa na la kujitetea, ila mfuko wa sukari niliokuwa nimeuweka katika mkoba. Nikautoa, nikampa kwa mikono miwili. Nikamwambia: "Hii ni sukari ya baba yangu. Alikufa hapa kabla sijazaliwa. Namtafuta."

Akautazama ule mfuko, akanitazama mimi. Panga likashuka. "Unamtafuta baba yako na sukari?"

Nikamsimulia juu ya yule mama Msomali. Alianza kucheka kidogo kidogo, mpaka akakaa chini kwenye majani ya migomba akifuta machozi. Tukaishia nyumbani kwake, tukinywa chai tamu kabisa kwa heshima ya baba. Akatupa ruhusa ya shamba lote.

Lakini mpaka jua linaegemea hatukupata sahani. Afande alipokunja mashine hakunitazama usoni. Nikamwambia Mungu ana saa zake. Nilimwambia yeye, lakini nilikuwa najiambia mwenyewe.

Siku ya mvua, Makenke

Kesho yake mvua ilifunga njia ya Kakiika. Mama Esperance alinipigia simu kutoka sokoni, habari zimemfikia kutoka kambini: Koko amekataa hata uji. Watoto nyumbani wanauliza kama nimeona kitu. Nikawatumia neno kwamba waombe.

Nilikuwa kwa Afande, nimekaa mlangoni mwa jiko natazama maji yakitiririka kwenye paa. Nalongo alikuwa amechemsha dodo, zile mboga za majani. Akachukua kitu kilichotundikwa ukutani, akamimina mboga juu yake, akamwaga maji nje. Maji yakatoka kwa vijito vitano.

Nikasimama.

"Nalongo, hebu nione hiyo."

"Hii? Ni chujio tu."

Ilikuwa sahani ya bati iliyopakwa rangi nyeupe, ukingo wa buluu, imeliwa na kutu pembeni. Katikati tundu moja, na manne kulizunguka, kama msalaba. Nikapitisha kidole. Kingo za matundu zilitokeza upande wa nyuma. Msumari ulipigwa kutoka ndani, sahani ikiwa imewekwa chini kama ya mtu anayetaka kula.

"Nani aliitoboa?"

"Hapana sisi," akasema Afande, akija na kikombe chake. "Ilitoka udongo ya Kakiika hivyo. Mimi nilisema ni chujio ya mpishi wa Mzungu. Niliona haina maana, nikampa huyu."

Nikaishika kwa mikono yote miwili. Afande akaangalia matundu, akaniangalia, na nikaona akielewa. Akaweka kikombe chini.

"Mzee," akasema, "mimi nilifungua kaburi."

"Hukujua, ndugu yangu. Ulichukua cha juu tu."

"Yesu wangu!" Nalongo akakaa kwenye kigoda. "Na mimi miaka hii yote nachuja dodo na sahani ya marehemu! Wageni wangu wote wamekula!" Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. "Na dodo ilikuwa tamu, Mzee. Nakuapia, ilikuwa tamu."

"Basi alikuwa anakukaribishia wageni," nikamwambia. Aliichukua, akaiosha kwa maji ya moto na sabuni, akaikausha kwa khanga yake mpya, akanirudishia.

Kakiika, mara ya pili

Mvua ilipokatika, Afande hakuhitaji kufikiri. Watu wa mashine hawasahau mahali udongo ulipowapa kitu. Akatupeleka juu ya mteremko, ng'ambo ya ua wa miiba, mahali ambapo mara ya kwanza hatukufika kwa sababu hapakuwahi kuwa na nyumba. Palikuwa na majani mafupi na kichuguu, na mbuzi wa Maama Jolly wamefungwa kamba.

Maama Jolly alikuja nasi. "Hapa baba mkwe alikataa watu walime," akasema. "Hakusema sababu. Mimi nilidhani alikuwa mvivu."

Nilimwomba Afande aizime mashine. Akasimama kidogo, kisha akasema kwa upole nisioutegemea kutoka kwenye sauti ile: "Mzee, mashine haichimbi. Inasikia tu. Wewe uliniambia walikuja wengi."

Nikakubali. Akaanza palipotoka sahani. Kimya. Akasogea hatua chache, mashine ikalia. Akachomeka kijiti cha tete. Akasogea tena, ikalia tena. Sauti ileile, pana na nzito, si ya senti wala msumari. Vijiti vikaendelea kusimama kimoja baada ya kingine, katika mstari mmoja, kama watu waliolala chumba kimoja. Hatukufukua hata kimoja. Alipofika kwenye ua alivua vile vya masikioni, akaviweka shingoni.

Nikaelewa kwamba nimepata na sijapata. Sahani niliyoishika ilikuwa ya mwanamume mmoja kati ya hao wote. Inaweza kuwa ya baba. Inaweza kuwa ya mwenzake, na ya baba bado iko chini, mahali fulani katika mstari ule. Sahani hazikuwa na majina. Zote zilinunuliwa labda duka moja.

Tukairudisha ile sahani palipotoka, Afande mwenyewe akiwa amepiga magoti, akaifunika kwa mikono yake. Nikaomba. Niliomba muda mrefu, na mbuzi walivumilia. Niliomba kwa ajili ya kila kijiti.

Tulipokuwa tukishuka, Maama Jolly akanishika kiwiko.

"Mwambie mama yako kaburi ni hiyo ya sahani. Nani atajua?"

"Ni kweli," akasema Afande. "Mgonjwa anapewa dawa. Hapana kupewa maelezo."

Walisema kwa upendo, na ndiyo maana maneno yao yaliniandama. Maama Jolly aliahidi hatalima pale, wala hataruhusu mtu kulima maadamu yeye yuko. Akanifungia chupa ya maziwa ya mgando nimpelekee Koko.

Kurudi Nakivale

Safari ya kurudi haikuwa na tope wala ng'ombe, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kuchelewa. Njia nzima nilikuwa na majibu mawili. Moja lilikuwa fupi na tamu: Mama, nimemwona. La pili lilikuwa la kweli. Nimefundisha watoto wa Jumapili miaka mingi kwamba uongo hauna saizi, na sasa nilikuwa juu ya lori naupima kama upana wake unaweza kupita mlangoni mwetu. Nilimwomba Mungu anichagulie. Alinyamaza. Labda kwa sababu nilikuwa najua tayari.

Nilimkuta Koko amelala, macho wazi. Amepungua hata katika siku hizo chache. Nikakaa kitandani. Akaweka mkono juu ya goti langu lenye vumbi la Kakiika.

"Ulimupata?"

"Mama, nilipata fasi. Lakini wako wengi pale, kwa mustari mumoja. Sahani zao ziko chini. Sikuweza kujua yeye ni yupi."

Alifumba macho, na mimi nikaona nimemwua mama yangu kwa ukweli.

"Wengi?"

"Wengi, mama."

"Batu ba kwetu?"

"Nadhani ni ba kwetu. Nani mwingine angetoboa sahani?"

Akavuta pumzi ndefu. Kisha akaanza kutaja majina ambayo sijawahi kuyasikia: mume wa fulani, kaka wa fulani, yule aliyepiga zeze, yule mfupi aliyekuwa akimchokoza harusini. Wote walioondoka pamoja na hawakurudi. Uso wake ulikuwa ukifunguka kwa kila jina.

"Miye nilifikiri bamemuacha peke yake," akasema. "Miaka yote, mwanangu. Nilikuwa namuona peke yake kwa porini. Kumbe iko na wenzake." Akanifinya goti. "Leta hayo maziwa."

Alikunywa kikombe, akaomba kingine. Watoto walisimama mlangoni wakitazama.

Jioni tulisali pamoja, naye akaomba kumalizia. Tangu nilipokuwa mtoto mdogo nimemsikia akimwombea mume wake, na siku zote alisema: "Bwana, umukumbuke, popote alipo." Safari hii alifika hapo akasita. Nikamsikia akitafuta maneno, kama mtu anayezoea nyumba mpya.

"Bwana," akasema, "ubakumbuke, pale Kakiika."